Zabibu Haingoji Mtu

Saa kumi na moja alfajiri, mwishoni mwa Agosti, Dodoma ina baridi ambayo mtu wa Dar es Salaam haiamini mpaka imkute. Tulikuwa watu saba shambani kwa baba mdogo, Mpunguzi, kando ya barabara ya Iringa, kila mmoja na mkasi mkononi, tochi kichwani na kreti miguuni. Kazi yenyewe haina maneno mengi. Unakishika kichala kwa chini, kama unavyoshika kichwa cha mtoto mchanga, unakata kikonyo, unatoa punje zilizooza na zilizodonolewa na ndege, unakilaza kwenye kreti. Hutupi. Punje ikipasuka, maji yake yanaanza safari palepale, na baba mdogo hakutaka safari hiyo ianzie shambani.

"Jua likishachomoza vizuri tunaacha," alitwambia. "Zabibu ukiikata na joto lake inachachia njiani."

Nimekulia Dodoma mpaka nilipomaliza darasa la saba. Zabibu kwangu zilikuwa zile za stendi, zilizofungwa kwenye mifuko, ambazo abiria wa mabasi walinunua dirishani wakawapelekee ndugu zao. Divai niliijua ya kanisani tu, mikononi mwa padre. Kati ya ile mifuko ya stendi na kile kikombe cha altareni palikuwa na kazi kubwa ambayo sikuwahi kuiulizia, na huenda nisingeiulizia maisha yangu yote kama si simu ya baba mdogo misimu miwili iliyopita.

Alikuwa amekata kreti 140, kilo 20 kila moja, kwa ahadi ya mnunuzi mmoja. Gari lilisemwa litafika Jumatatu. Likafika Alhamisi. Siku zote hizo kreti zilikaa chini ya mwembe zimefunikwa maturubai, na mama mdogo akikesha kufukuza nyuki na mbuzi. Alhamisi mnunuzi alifunua turubai la kwanza, akanusa, akafunika. Alichukua kreti 30 kwa bei aliyoitaka yeye. Zilizobaki zilikwenda kwa nguruwe wa jirani. Baba mdogo hakulalamika kwenye simu. Alinisomea tu hesabu: kupogoa, salfa, maji ya kisima, vibarua. Kisha akanyamaza, na mimi nikakosa la kumwambia.

Nilitaka kujua siku tatu zina nini ndani yake hata zikaweza kula kazi ya miezi minne. Ndiyo maana msimu huu nilichukua likizo, nikapanda treni ya SGR kwenda kukata zabibu naye na kuzifuata mpaka mlango wa kiwanda, na zaidi ya mlango.

Nianze na shamba, kwa sababu fundi wa divai aliniambia baadaye kwamba hawezi kutoa kwenye tangi kitu ambacho mkulima hakukileta.

Dodoma iko nyuzi sita hivi kusini mwa Ikweta. Sehemu kubwa ya mizabibu ya dunia inalimwa mbali zaidi, kati ya nyuzi 30 na 50, kaskazini na kusini, kwenye nchi zenye majira ya baridi. Huko mzabibu hupukutisha majani, hulala miezi kadhaa, kisha huamka wenyewe joto linaporudi. Huku kwetu hakuna kinachoulaza. Ukiuachia hiari yake utatoa majani na matawi bila mpango, na vichala vichache vyenye umri tofauti, kimoja kimeiva na kingine bado kigumu kama choroko. Kwa hiyo mkulima wa Dodoma yeye mwenyewe ndiye majira. Akishavuna anapunguza maji, anauacha mti upumzike, halafu anaingia na mkasi kupogoa: anakata matawi yaliyozaa na kuacha macho mawili matatu tu kwenye kila kisiki cha tawi. Siku ya kupogoa ndiyo siku mwaka wa mzabibu unapoanza. Miezi minne hivi baadaye, zabibu zimeiva. Ndiyo sababu tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, jambo ambalo wakulima wengi wa zabibu duniani hawalijui kabisa.

Baba mdogo ana daftari la shule, la mistari, lenye tarehe za kupogoa za miaka ishirini. Hakuna kingine ndani yake. Nilipolifungua nikaona kwamba hayo ndiyo maisha yake yote ya kazi, yameandikwa kwa kalamu za rangi tofauti.

Mavuno mawili hayo si mapacha. Ya Februari na Machi yanakutana na mvua. Unyevu unaleta magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, dawa zinapulizwa mara nyingi zaidi, na punje iliyonyonya maji utamu wake unapoa. Ya Agosti yanaiva katikati ya kiangazi. Mvua za Dodoma ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo zabibu za Agosti zinaishi kwa maji ya kisima na mipira ya matone. Asiye na kisima hana mavuno ya pili. Lakini mwenye nacho anapata zabibu bora: mchana jua linajaza sukari, usiku ile baridi ya nchi iliyo zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari inalinda uchachu. Nimesikia watu wakiisema Dodoma kama nchi ya vumbi na ukame tu. Kwa zabibu, ukame huo huo ni mtaji.

Shamba lake kubwa ni la Makutupora, zabibu nyekundu iliyobeba jina la mahali kaskazini mwa jiji, ambako pia kuna kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo. Mistari michache ni ya Chenin Blanc, nyeupe, na Syrah ameipanda juzijuzi kwa majaribio.

Saa mbili asubuhi gari lilikuwa limejaa kreti 60. Kutoka Mpunguzi kuingia mjini tunaipita Bihawana. Hapo ndipo wamisionari Wakatoliki walipopanda mizabibu mwaka 1957, na kilimo hiki kikaenea kutokea pale. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka divai ya misa iwe ya zabibu, ya asili, isiyoharibika. Baba mdogo, ambaye ni Mwanglikana na mzee wa kanisa, alielekeza kidole upande wa misheni bila kugeuza kichwa, macho yakiwa kwenye kreti nyuma. "Hawa walijua," alisema. "Walipanda na pipa walikuwa nalo."

Kiwanda chenyewe ni ghala la bati nje kidogo ya mji, sakafu ya saruji iliyooshwa mpaka inang'aa. Nilitegemea harufu ya pombe. Nikakuta harufu ya mkate mbichi na matunda, na chini yake ukali kidogo unaopanda puani. Fundi mkuu ni binti mdogo kuliko mimi, amesomea teknolojia ya vyakula SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi," alijibu baba mdogo, akimalizia na salamu ya Kigogo.

Hakugusa mzani kwanza. Alichukua punje kutoka kreti tano tofauti, akazikamua, akadondosha tone kwenye kifaa kidogo kama darubini, akakielekeza kwenye mwanga. Kisha akampa baba mdogo achungulie. Ndani kuna mstari, na pembeni ya mstari kuna namba.

"Ishirini na mbili," alisoma baba mdogo. "Ishirini na mbili ya nini?"

"Ya sukari, mzee. Gramu 22 kwenye kila gramu 100 za maji ya zabibu yako. Kila gramu 17 za sukari kwenye lita moja, hamira inazigeuza kuwa asilimia moja ya kilevi. Hii yako itafika 12 na ushee. Ni nzuri sana."

Baba mdogo alikichungulia tena kile kifaa, kwa muda mrefu. Miaka ishirini amelima zabibu, na miaka ishirini ameambiwa na wanunuzi kwamba zabibu zake "zina maji". Hakuwahi kuonyeshwa mstari. Kifaa hicho kinaingia mfukoni mwa shati, hakitaki umeme wala mafuta. Naamini kabisa kwamba kila chama cha msingi cha wakulima wa zabibu kingekuwa nacho, bei isingekuwa neno la mtu mmoja.

Tulipoingia ndani nilimweleza fundi kuhusu zile siku tatu. Hakunijibu moja kwa moja. Aliniuliza kama nimewahi kuona mtu akipika pombe ya mtama.

Nimeona. Bibi yangu aliloweka mtama, akautandaza, akaufunika mpaka ukaota vijimizizi vyeupe, akauanika, akausaga. Kimea. Tulikuwa tunafukuzia kuku mbali na mkeka. Sikuwahi kujua kwa nini mtama uoteshwe kwanza, nilidhani ni desturi tu. Fundi akanieleza: mtama ndani yake una wanga, na hamira haili wanga. Mbegu inapoota inauvunja wanga wake kuwa sukari ili imlishe mche, na mpika pombe anaikatiza njiani akaichukua sukari hiyo. Bibi alikuwa anaifanya kazi hiyo kwa macho na vidole, bila darubini.

"Zabibu haina haja ya kimea," alisema. "Inakuja na sukari yake, na maji yake, na uchachu wake. Hata hamira ya porini iko pale pale shambani, juu ya ganda na kwenye vifaa. Kinachotenganisha sukari na hamira ni ganda tu. Ganda likipasuka, kazi imeanza, uwe tayari au usiwe."

Nikakumbuka ulanzi wa Iringa, unaochachia kwenye mianzi kabla mgemaji hajaupokea. Jamii ile ile ya vitu visivyosubiri. Na kwenye kreti zilizobanana chini ya mwembe, zile za chini zinapasuliwa na uzito wa zile za juu. Joto linapanda. Hamira inakula sukari, inatoa kilevi. Hewa ikiwepo, bakteria wanakigeuza kile kilevi kuwa siki. Ndicho alichonusa yule mnunuzi chini ya turubai. Hakuwa amedanganya kuhusu harufu. Alichelewa siku tatu, na siku tatu ndizo zilizotengeneza harufu.

Baba mdogo alikuwa anasikiliza, mikono nyuma. Hakusema kitu.

Mashine ya kwanza inatenganisha punje na vikonyo, kwa sababu vikonyo vinaleta ukakasi unaokausha ulimi, halafu inazipasua punje bila kusaga mbegu. Fundi alichukua punje moja ya Syrah, nyeusi tii, akaikamulia kiganjani mwangu. Maji yake yalikuwa karibu kama maji ya dafu. Rangi yote iko kwenye ganda. Hapo ndipo njia mbili zinapoachana: ukitaka divai nyeupe, unakamua kwanza, unachachusha maji peke yake, ukitaka nyekundu, unachachusha maji na maganda pamoja, na kilevi kinachozaliwa kinaivuta rangi kutoka kwenye ganda siku baada ya siku. Ndiyo kusema divai nyeupe inaweza kutoka kwenye zabibu nyekundu, mradi umekamua upesi.

Kisha inatiwa salfa kidogo sana, kuwatuliza bakteria na hamira za porini, na baadaye hamira iliyochaguliwa, ambayo huamshwa kwenye maji ya uvuguvugu vilevile kama hamira ya maandazi. Haya mengine yanafanana kiwanda hadi kiwanda, sitayakalia.

Nitayakalia matangi ya siku ya nne. Fundi alinishika mkono akauweka kwenye chuma. Palikuwa na uvuguvugu. Akaniambia nitege sikio. Ndani kulikuwa na sauti kama mvua ya rasharasha kwenye majani ya mgomba, haikomi, hamira maelfu kwa mamilioni wanakula na kutoa hewa ya ukaa. Hewa hiyo inayainua maganda juu, yanajikusanya kuwa tabaka nene kama godoro. Vijana wawili walipanda ngazi na fito ndefu zenye kibao mwishoni, wakalididimiza tabaka lile chini mpaka maji mekundu yakafunika. Mara tatu kwa siku, moja ikiwa usiku. Likiachwa likauke juu, rangi haiingii, na hewa inaligeuza siki. Joto nalo lisizidi nyuzi 30, ndiyo maana maji ya baridi yanazungushwa kwenye ukuta wa tangi. Divai nyeupe ina chumba chake, kwenye nyuzi 15 hivi, na umeme ukikatika jenereta inawashwa kabla mtu hajauliza. Harufu zake ni nyepesi, joto linazifukuza.

Kwenye kona kulikuwa na tangi lililokwisha kumwagwa mchuzi, yaani maji ya zabibu yaliyochachuka, limebaki machicha chini yanayosubiri kukombwa kwa koleo. Kabla kijana hajaingia waliweka feni, wakasubiri, kisha wakashusha mshumaa uliowashwa kwa waya. Hewa ya ukaa ni nzito, haina rangi wala harufu, inatulia chini kama maji. Mshumaa ulizimika mara ya kwanza. Hakuna aliyeingia. Feni ikaendelea, mshumaa ukashushwa tena, ukawaka mpaka chini. Hata hapo kijana aliingia na kamba kiunoni, mwenzake ameshika upande wa pili. Mshumaa ule ulinifanya nisimame kimya. Watu wamekufa ndani ya matangi ya namna hii katika nchi nyingi, na waliokwenda kuwaokoa wakafa juu yao. Chupa haisemi hayo.

Baada ya siku saba hadi kumi rangi imetosha. Mchuzi unamwagwa, maganda yanakamuliwa kwenye mashine, machicha yanarudi shambani kuwa mbolea au yanaliwa na mifugo. Halafu inafuata kazi ya utulivu: bakteria wengine, wa heri, wanaubadili uchachu mkali wa tofaa bichi kuwa uchachu laini wa maziwa mgando. Mashapo yanazama. Mchuzi unahamishwa tangi hadi tangi, kila mara ukiacha mashapo nyuma, na kila tangi linajazwa mpaka kwenye kifuniko ili hewa isipate pa kukaa. Miezi inapita.

Fundi alitumiminia kidogo kidogo. Najua wasomaji wangu wengine hawagusi kileo kwa imani yao, nami nawaheshimu. Naandika kuhusu kazi ya mikono. Glasi ya kwanza ilikuwa mchuzi wa siku ya pili, mtamu kama juisi ya mtoto, wenye mapovu. Ya pili, siku ya tisa, mchafu kama maji ya mto, mkali, unakwaruza. Ya tatu ilikuwa Makutupora ya mwaka jana, safi, na ndani yake kitu kinachofanana na ukwaju na udongo baada ya mvua ya kwanza.

Baba mdogo aliishika ile ya tatu muda mrefu. Kisha akauliza zabibu zake zikiisha zitaonjaje. Hapo ndipo nilipojua kwamba katika miaka ishirini hakuwahi kuonja divai iliyotoka kwenye shamba lake. Zabibu zake ziliondoka kwenye kreti, zikachanganyika na za wengine, na habari zake zikaishia barabarani.

Kwenye mikutano ya wakulima Dodoma utasikia neno moja kila mara: mchuzi. Mchuzi wa zabibu, maana yake yale maji yaliyokamuliwa na kuchachushwa, ambayo viwanda vinaweza kununua kwa lita. Sasa nimeelewa kwa nini wanalisema kwa hamu hiyo. Kilo 100 za zabibu zinatoa lita 65 hadi 70. Zabibu zina siku, mchuzi uliotunzwa vizuri una miezi. Mwenye zabibu anauza leo kwa bei ya leo, hata kama bei hiyo ni ya kumdhalilisha. Mwenye tangi anaweza kusema hapana. Tunahamasishana kila mwaka kupanda heka mpya, na miche inagawiwa, na nafurahi. Lakini heka mpya bila tangi ni kreti nyingi zaidi chini ya mwembe. Ningekuwa na sauti, ningesema chuma cha matangi kitangulie, na kisima, na umeme wa uhakika wa kupoza, halafu miche ifuate.

Siku ile kreti 50 zilipimwa na kulipwa kabla ya saa saba mchana. Zile kumi, kilo 200, baba mdogo aliomba zisinunuliwe. Walikubaliana kwamba zichachushwe peke yake kwenye tangi dogo, alipe gharama ya kazi, mchuzi ubaki wake. Fundi aliandika jina lake kwa chokaa kwenye chuma. Baba mdogo alimwomba aliandike tena, kubwa zaidi.

Katikati ya Novemba, nimesharudi Dar, simu yangu ililia. Fundi alikuwa ametutumia sote wawili ujumbe: mchuzi umetulia, lita 130, bado una ukakasi kidogo, ila kuna mtu amefika na anautaka leo hii. Tuuze?

Baba mdogo si mtu wa kuandika ujumbe. Alichukua karibu saa nzima kujibu.

"Hebu ukae kwanza."